Besi la Taarab Halikushindwa: Limenyimwa Sikio na Jina

Upo usemi unaoenea miongoni mwa wapenzi wa taarab, na hata miongoni mwa baadhi ya walimu wenzetu wa Kiswahili, kwamba besi la kusimama limepitwa na wakati. Wasemao hivyo hutoa hoja moja tu: kwamba besi hili likipelekwa jukwaani mbele ya watu wengi, ama halisikiki kabisa, ama huvuma mvumo mzito unaofunika sauti ya mwimbaji pamoja na maneno yake. Kwa hiyo, wanasema, na liwekwe kando, lichukuliwe gitaa la besi la umeme au kinanda cha umeme, mambo yaishe. Sisi tunaikataa hoja hiyo. Tunasema kwamba besi halikushindwa kazi. Kilichoshindwa ni namna sauti yake inavyonaswa na kukuzwa. Na namna hiyo imeharibika, pamoja na sababu nyingine, kwa kukosa maneno ya kuieleza sawasawa. Hapo ndipo jambo hili linapotuhusu sisi walimu wa lugha, wala si mafundi wa mitambo peke yao.

Ndugu msomaji asidhani kwamba tumetoka nje ya uwanja wetu. Taarab ni ushairi uimbwao. Kwa sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani, katika nchi za jirani, wimbo wa taarab ni mojawapo ya njia chache ambazo kwazo mwanafunzi husikia mizani na vina vikitoka kinywani mwa wenyewe. Yule kijana wa Buyenzi mjini Bujumbura, au wa Nyamirambo mjini Kigali, pengine hatafika Unguja maisha yake yote. Lakini wimbo utamfikia. Ukimfikia hali maneno yamefunikwa, umemfikia nusu. Nayo sauti nene ya chini ina tabia moja ambayo kila mwenye masikio ameiona: ikizidi, hufunika sauti nyembamba zilizo juu yake, ilhali sauti nyembamba haziwezi kuifunika ile nene kwa kiasi hicho. Herufi zinazotofautisha fika na shika, au faa na saa, zimo katika sauti nyembamba. Besi likivuma ovyo, zinazozama kwanza ni hizo. Basi anayelinasa besi vibaya huliharibu neno la Kiswahili, hata kama hakukusudia.

Besi si mgeni wa jana

Kabla ya kuingia katika hoja zenyewe, yafaa tukumbushane historia kidogo. Nadi Ikhwani Safaa ya Unguja iliasisiwa mwaka 1905. Katikati ya karne ya 20 vikundi vya taarab vya Unguja vilipanuka kwa kufuata mfano wa firka kubwa za Misri: zikaongezwa fidla nyingi, chelo, akodioni, na besi la kusimama, pembeni mwa udi na kanuni. Culture Musical Club, kikundi kingine mashuhuri cha Unguja, kina asili yake katika mwaka 1958, nacho kimejulikana duniani kwa mpangilio huo huo wa ala. Wenzetu wa Kongo nao wanalifahamu besi hili, kwa jina litokalo Kifaransa, maana lilisikika katika rumba iliyorekodiwa Léopoldville katika miaka ya 1950, kabla gitaa la besi la umeme halijashika nafasi yake. Kwa hiyo ala hii imeishi nasi muda unaozidi umri wa wengi wa wasomaji wetu. Haiwezi kufukuzwa kwa hoja ya dakika mbili.

Neno moja, vyombo vinne

Tuanze na lugha, maana ndiyo kazi yetu. Sauti ya besi ikitaka kumfikia msikilizaji aliye mbali, hushirikisha vyombo vya aina nne. Kipo chombo kinachonasa mtikisiko wa hewa na kuugeuza kuwa umeme. Kipo kingine ambacho hakishughuliki na hewa. Chenyewe hubandikwa kwenye ala na kunasa mtetemo wa mbao au wa nyuzi. Upo mtambo unaoukuza umeme huo dhaifu. Mwisho kipo kile kinachougeuza umeme kuwa sauti tena, kikaitupa ukumbini.

Sasa tusikilize maneno yanayotumika. Mshereheshaji humwambia mgeni wa heshima, “Shika kipaza sauti, useme.” Hapo kipaza sauti ni chombo cha kwanza. Kesho yake watu hulalamika kwamba vipaza sauti vilivyotundikwa juu ya nguzo vinawanyima usingizi. Hapo kipaza sauti ni chombo cha nne. Wapo wanaouita kwa jina hilo hilo hata mtambo wa kukuzia. Wengine, kwa kutaka kutofautisha, husema kinasa sauti. Lakini neno hilo kwa wengi limekwisha kuwa jina la mashine ya kurekodia. Ama chombo cha pili, kile cha kubandika, hakina jina kabisa. Wanamuziki hukiita pikapu, na pikapu kwa Waswahili wengi ni gari dogo la kubebea mizigo.

Atakayesema kwamba haya ni mambo madogo ya wapenda kamusi, tunamwomba afikiri mfano huu. Besi linapiga ukelele jukwaani. Fundi aliye nyuma ya ukumbi anapaaza sauti: “Sogeza kipaza karibu na besi!” Msaidizi asogeze kipi? Akikisogeza karibu chombo kinachonasa hewa, sauti ya besi itakayoingia humo itazidi nguvu, mtambo utapunguzwa, na ukelele utatulia. Akikisogeza karibu kile kinachotoa sauti, ukelele utazidi maradufu. Amri ni moja, neno ni moja, na matokeo mawili yanapingana kama maji na moto. Lugha inayomwacha msaidizi wa watu katika njia panda namna hiyo haijamtumikia.

Tuone wengine walivyofanya. Mwaka 1946 Mmarekani aitwaye Everett Hull, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga besi, alibuni namna ya kutia maikrofoni ndani ya besi kwa kuipandisha juu ya ule mguu wa chuma ambao besi husimamia. Hakukiacha chombo chake bila jina. Aliunganisha maneno mawili ya lugha yake, moja la kukuza sauti na moja la mguu ule, akayafupisha, likatoka jina Ampeg, ambalo baadaye likawa jina la kampuni mashuhuri ya mitambo ya besi. Mpiga besi huyo alijua kwamba kitu kisicho na jina hakiagiziki, hakitengenezeki, wala hakifundishiki. Je, sisi tunaojiita walimu wa lugha tushindwe na mpiga besi?

Sauti ya besi hutoka wapi

Hoja yetu ya pili ni hii: wengi wanaochagua chombo cha kulinasia besi hawajajiuliza sauti ya besi hutoka wapi. Hudhani hutoka kwenye uzi. La hasha. Uzi peke yake, hata uwe mnene namna gani, hauna upana wa kuisukuma hewa. Uzi huitikisa daraja, yaani kile kibao kilichosimama katikati kinachoinua nyuzi. Daraja huutikisa ubao wa mbele. Ndani, chini ya mguu mmoja wa daraja, kuna kijiti kinachoupokea mtikisiko huo na kuupeleka kwenye ubao wa nyuma. Wafaransa na Wataliano hukiita kijiti hicho “roho”, nao hawakukosea. Hewa iliyomo tumboni mwa besi nayo hutikisika, ikapumua kupitia matundu mawili yenye umbo la herufi f. Tunachokiita sauti ya besi ni jumla ya hayo yote.

Nyuzi nne za besi, zikipigwa wazi, hutoa mitetemo ya msingi ipatayo 41, 55, 73 na 98 kwa sekunde. Wimbi la sauti ya uzi ule mnene kuliko zote lina urefu unaozidi mita 8, ilhali besi lenyewe, kutoka ardhini hadi kichwani, ni kama mita 1 na sentimita 80. Kwa hiyo mwili wa besi hauwezi kuutoa vizuri mtetemo wa msingi wa uzi huo. Mbona basi tunausikia? Tunausikia kwa sababu pamoja na mtetemo wa msingi hutoka mitetemo mingine ya juu yake, mara mbili, mara tatu, mara nne, na sikio la binadamu likiipata hiyo hulijenga lenyewe lile la chini lililopungua. Jambo hili lina maana kubwa: besi lisiposikika, dawa yake mara nyingi si kuongeza uzito wa chini. Ni kuihifadhi ile mitetemo ya kati inayolipa besi umbo lake. Anayekimbilia kuzungusha kitufe cha sauti nene hadi mwisho anaongeza mvumo, haongezi besi.

Kosa linalorudiwa kila mara

Tumeshuhudia zaidi ya mara moja, katika sherehe za Kiswahili za tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, jinsi besi linavyotendewa. Chombo cha kubandika cha bei nafuu hukwamishwa kwenye mbawa za daraja, waya wake ukachomekwa moja kwa moja katika meza ya kuchanganyia sauti, au katika mtambo wa gitaa. Sauti inayotoka ni kavu, nyembamba, kama mpira wa ndara uliovutwa ukaachwa. Mpiga besi akilalamika, fundi huongeza sauti nene. Ikizidi, ukelele huanza. Hatimaye besi huzimwa, na mwenye sherehe huondoka akisema kwamba ala hii ni ya zamani.

Kiini cha maradhi hayo kinajulikana, nacho kinahesabika. Vyombo vingi vya kubandika hutegemea fuwele au vigae vinavyotoa umeme vinapobanwa, tabia ambayo ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, waliibainisha mwaka 1880. Chombo cha namna hiyo hutoa umeme, lakini hakiwezi kuusukuma. Kikiunganishwa na mlango wenye ukinzani mdogo, umeme wa mitetemo ya chini huvuja wote. Tuchukue chombo chenye uwezo wa kuhifadhi umeme wa nanofaradi 1. Kikichomekwa katika mlango wa ukinzani wa omu 10,000, kama ilivyo milango mingi ya meza za kuchanganyia, upungufu huanzia kwenye mitetemo kama 16,000 kwa sekunde na kushuka. Kwa besi ni kama hakuna kilichobaki. Kikichomekwa katika mtambo wa gitaa wenye ukinzani wa omu milioni 1, upungufu huanzia kama 160. Msomaji akirejea hesabu yetu ya juu ataona kwamba mitetemo ya msingi ya nyuzi zote nne zikipigwa wazi iko chini ya 160. Ule uzi mnene hufika na robo tu ya umeme wake. Lakini ukiwekwa kati yao mtambo mdogo wa kutangulia wenye ukinzani wa omu milioni 10, mpaka huo hushuka hadi 16, na besi lote hupita salama.

Basi ni nani mkosaji hapa? Besi limetoa sauti yake yote. Chombo kimetoa kilichoweza. Kisanduku kidogo kilichokosekana kati ya waya na mtambo ndicho kilicholiua besi, na mashtaka yakabebeshwa ala isiyo na kinywa cha kujitetea. Mgala muue, na haki yake umpe.

Kuchagua kwa sababu, si kwa mazoea

Haitoshi kulaumu. Anayeandika dhidi ya mazoea mabaya ana wajibu wa kuonyesha mazuri. Tunayaeleza hapa kwa ufupi yale ambayo mwalimu mlezi wa kikundi cha taarab shuleni, au mwanachama anayesimamia sherehe, hana budi kuyajua kabla ya kununua au kukodi chochote.

Kwanza, vyombo vya kubandika havilingani. Vile vinavyokwamishwa katika mbawa za daraja, kama Underwood, hunasa kidole vizuri na hustahimili kelele za jukwaa, lakini huonyesha zaidi uzi kuliko mwili. Vile vinavyowekwa chini ya mguu wa daraja, kama Realist ya David Gage, huwa karibu zaidi na ubao wa mbele, hivyo huwa na uzito na giza zaidi. Vipo pia vya sumaku. Hivyo hufanya kazi kwa nyuzi za chuma tu, na mwenye nyuzi za utumbo au za nailoni asipoteze fedha zake. Chombo cha daraja kinafaa uwanjani, penye upepo, penye ngoma na umati, ambako maikrofoni ingenasa kila kitu isipokuwa besi.

Pili, maikrofoni nazo hazilingani. Ile ya mwimbaji, kama Shure SM58 inayojulikana tangu mwaka 1966, ilibuniwa kwa koo la binadamu. Watengenezaji wake wenyewe hutaja masafa yake kuanzia mitetemo 50 kwa sekunde. Ikikosekana nyingine itasaidia, lakini isitarajiwe kulitendea besi haki yote. Maikrofoni za kondensa hunasa kwa uaminifu zaidi, ila huhitaji umeme wake, kwa kawaida volti 48 kutoka kwenye meza ya kuchanganyia. Penye meza isiyotoa umeme huo, maikrofoni ya kondensa ya namna hiyo ni chuma tupu.

Tatu, iko tofauti ya maikrofoni inayosikiliza upande mmoja na ile inayosikiliza pande zote. Ya upande mmoja husaidia kuwatenga wapiga fidla waliokaa jirani, lakini ina tabia ya kuzidisha sauti nene kadiri inavyosogezwa karibu na ala. Asiyejua hilo huiweka vidole viwili kutoka kwenye tundu la f, akashangaa kupata mvumo wa pipa. Ya pande zote haina tabia hiyo, na kwa kurekodi katika chumba kitulivu huleta besi lilivyo. Jukwaani hubeba na majirani. Mahali pa kuanzia ni mbele ya daraja, umbali wa sentimita 20 hadi 30, ikielekezwa juu kidogo kuelekea mwisho wa ubao wa vidole. Kutoka hapo mtu asogeze kwa sikio: kuelekea tundu la f uzito huongezeka, kuelekea vidoleni ncha ya sauti huongezeka.

Nne, wapo wanaotumia vyote viwili, chombo cha kubandika na maikrofoni, nasi tunaiunga mkono njia hiyo kwa sherehe kubwa. Lakini itumiwe kwa hesabu. Sauti husafiri hewani kama mita 343 kwa sekunde; maikrofoni iliyo sentimita 30 kutoka kwenye daraja hupata habari ikiwa imechelewa kama elfu 0.9 ya sekunde kuliko chombo kilichobandikwa. Ucheleweshaji huo mdogo watosha kuifanya mitetemo ya karibu na 570 kwa sekunde ipingane na kufutana. Kwa sababu hiyo fundi abonyeze kitufe cha kugeuza pande za umeme, asikilize kwanza hivi kisha vile, achague penye sauti iliyojaa.

Tano, na hili halina gharama. Besi ni ngoma kubwa. Spika ikitazama ubao wake wa mbele, ubao hutikisika, chombo hunasa mtikisiko huo, mtambo huukuza, na duara halikatiki. Spika na isogezwe, isiwe nyuma ya mpigaji wala kumwelekea. Mitetemo iliyo chini ya 35 hivi ikatwe kwenye mtambo, maana haina muziki bali vishindo vya miguu na sakafu. Ikibidi, matundu ya f yazibwe kwa sponji au kitambaa. Mengi ya maradhi ya besi yangepona kwa hatua hizi, kabla hata senti moja haijatumika.

Majibu kwa wapinzani

Wapinzani wetu ni wa namna tatu, nao wanastahili majibu.

Wa kwanza husema: gitaa la besi la umeme limekwisha kutatua tatizo, tuache kung'ang'ania ya kale. Sisi hatulidharau gitaa hilo. Leo Fender alipolitoa lile liitwalo Precision mwaka 1951, aliwapa wanamuziki ala nyepesi, isikikayo, tena yenye vipande vya chuma shingoni vinavyoonyesha mahali pa sauti. Katika dansi na katika taarab ya kisasa lina kiti chake, na hakuna wa kulinyang'anya. Lakini kazi zake na za besi la kusimama hazifanani. Uzi wa gitaa la umeme huendelea kulia kwa muda mrefu. Sauti ya besi la kusimama, ikipigwa kwa kidole, huja kwa mshindo laini kisha hufifia upesi. Katika ufifiaji huo huacha uwazi, na katika uwazi huo hukaa neno la mwimbaji. Taarab ya firka ilijengwa juu ya uwazi huo. Ukiujaza, umebadili ushairi wenyewe.

Wa pili husema: hizi ni nchi zenye shida, shule hazina madawati, nanyi mnazungumzia maikrofoni. Tunajibu kwamba fedha hutumika hata sasa. Spika kubwa hukodiwa kila sherehe, kubwa kuliko ukumbi unavyohitaji. Tunachodai ni maarifa kabla ya matumizi. Tena twasema wazi: katika darasa, au katika ukumbi mdogo wa watu wachache wanaojua kunyamaza, besi halihitaji chombo chochote. Lisimamishwe karibu na ukuta au pembeni mwa chumba, nao ukuta utalisaidia bure. Mwalimu anayejua hivyo ameokoa fedha ya chama.

Wa tatu, na hawa ndio wanaotukera zaidi kwa kuwa ni wenzetu, husema: sisi ni watu wa sarufi na fasihi, mambo ya waya tuwaachie mafundi. Haya ndiyo mawazo yaliyokifanya Kiswahili, katika macho ya wengi wa nchi zetu, kiwe lugha ya soko na ya salamu tu. Tunasimama majukwaani kila mwaka tukidai kwamba Kiswahili kinatosha kwa sayansi na ufundi. Kisha tukiteremka jukwaani, fundi aliyeiendesha mitambo ya sherehe yetu huwaelekeza wasaidizi wake kwa maneno ya Kiingereza au ya Kifaransa, si kwa kuringa bali kwa sababu hakupewa mengine. Lugha haitathibitishwa kuwa inatosha kwa hotuba. Itathibitishwa siku ile amri ya fundi itakapoeleweka mara moja, bila kuuliza “kipi?”

Pendekezo na zoezi

Hatutaki kumaliza kwa malalamiko. Tunapendekeza maneno manne, yasomwe, yapimwe, na ikibidi yapingwe katika kurasa hizi. Chombo kinachonasa hewa kiitwe maikrofoni, neno ambalo limekwisha kuzoeleka. Hatuna ugomvi na maneno ya kukopa: fidla, akodioni na kanuni yalikuja kwa meli, leo ni raia. Ugomvi wetu ni na neno moja kubebeshwa mizigo minne. Chombo kinachobandikwa kwenye ala kiitwe kidaka mtetemo, kwa kuwa hudaka mtetemo kabla haujawa sauti ya hewani. Mtambo wa kukuzia uitwe kikuza sauti, na ule mdogo wa kutangulia uitwe kikuza cha awali. Kipaza sauti kibaki na kile kinachopaaza, yaani spika, wala kisipewe tena mgeni wa heshima ashike mkononi. Chama kiyakusanye maoni ya matawi, kisha kiyapeleke kwa BAKITA, baraza ambalo tangu mwaka 1967 limekuwa na dhima ya kukikuza Kiswahili Tanzania, na kwa mabaraza mengine yanayohusika na lugha yetu.

Wakati huo huo kazi ianze darasani, bila kungoja baraza lolote. Mwalimu awachezeshee wanafunzi wimbo mmoja wa taarab ya firka, mara ya kwanza kama ulivyo, mara ya pili akiwa ameongeza sauti nene hadi mwisho. Mara zote mbili waandike maneno wanayoyasikia. Walinganishe karatasi zao, wahesabu maneno yaliyopotea. Kisha kila mmoja aandike insha fupi, aeleze safari ya sauti kutoka kwenye kidole cha mpiga besi hadi sikioni mwake, akikipa kila chombo jina lake na kila jina chombo kimoja tu. Insha bora zipelekwe kwa mhariri wa jarida hili. Tutajua kutokana nazo kama maneno tuliyopendekeza yanabebeka, au kama vijana wamepata yaliyo bora kuliko yetu.